Ultrasaundi imesema mtoto ni mdogo kuliko umri wa mimba. Nifanye nini?

*"Daktari, shikamoo. Nina miaka 26 na hii ni mimba yangu ya kwanza. Niliacha sindano ya uzazi wa mpango mwaka jana, tangu hapo hedhi ikawa inakuja inavyotaka, mara baada ya siku 30, mara 45. Kliniki walihesabu kwa hedhi ya mwisho wakaniandikia nitajifungua tarehe 14 Novemba. Juzi nimepiga ultrasaundi kwa mara ya kwanza. Kwa hesabu ya kliniki nilikuwa na wiki 21 na siku 5, lakini karatasi inasema kichwa ni wiki 19 na siku 6, tumbo wiki 19 na siku 5, paja wiki 20 na siku 1. Uzito gramu 320, kujifungua tarehe 27 Novemba. Aliyenipima alisema mtoto ni mdogo kuliko umri wa mimba, niende kwa daktari, basi. Tumbo langu kweli ni dogo. Mama mkwe anasema ni kwa sababu sili. Jirani ananiambia nikawekewe dripu za vitamini. Miezi mitatu ya mwanzo nilitapika sana. Je, nimempunja mwanangu chakula? Atazaliwa na kasoro? Usiku silali."*

Marahaba, dada yangu. Nianze na lile linalokunyima usingizi: hapana, hukumpunja mwanao. Kwa haya uliyoniandikia, linaloelekea zaidi kuwa kweli ni kwamba mtoto ana ukubwa wa umri wake, na umri ndio uliohesabiwa vibaya. Nasema "linaloelekea" kwa sababu sijakupima, na kwa sababu ipo nafasi ndogo kwamba nimekosea, ambayo nitaieleza mbele bila kukuficha. Lakini kwanza nataka uelewe ile karatasi, maana ukiielewa hofu itapungua hata kabla hujarudi kwa daktari.

Hakuna aliyempima mwanao kwenye mizani. Mashine ilichora mistari minne tu: upana wa kichwa, mzingo wa kichwa, mzingo wa tumbo na urefu wa mfupa wa paja. Ndizo zile herufi unazoziona kwenye karatasi, BPD, HC, AC na FL. Kila kipimo kinapelekwa kwenye jedwali lililomo ndani ya mashine, na jedwali linajibu: kichwa cha ukubwa huu kwa kawaida ni cha mtoto wa wiki 19 na siku 6. Baada ya hapo vipimo vinaingizwa kwenye kanuni ya hesabu, na ndipo inapopatikana ile gramu 320. Mashine nyingi zinatumia kanuni na jedwali la daktari Hadlock wa Texas, Marekani, vilivyochapishwa miaka ya 1980 na mwaka 1991. Kwa jedwali hilo mtoto wa wiki 20 kamili huwa na gramu 331 hivi. Wako ana 320 akiwa na wiki 19 na siku 6. Kama huo ndio umri wake wa kweli, huyo ni mtoto wa kawaida kabisa.

Uzito huo wa hesabu pia una kosa lake. Kwa mpimaji mzuri na mashine nzuri bado unaweza kupishana na ukweli kwa asilimia 10 hadi 15, kwenda juu au kushuka. Kwa mwanao hiyo ni kama gramu 30 hadi 50. Mzingo wa tumbo ndio unaoyumbisha zaidi: unatakiwa kupimwa mahali ambapo tumbo la chakula la mtoto na mshipa unaotoka kitovuni vinaonekana pamoja, na mtoto akijikunja au kifaa kikiinama kidogo tu, namba inabadilika. Kwa hiyo gramu usizishike kama umezisoma kwenye mizani ya duka.

Sasa, kwa nini mtu aliyeona vipimo hivyohivyo akasema mtoto ni mdogo? Kwa sababu alivilinganisha na wiki 21 na siku 5 za kadi yako ya kliniki. Kwa umri huo mtoto angekaribia gramu 450, na 320 inaanguka chini sana kwenye jedwali. Hajasema uongo. Ila huwezi kusema mahindi ya mtu yamedumaa kabla hujamuuliza alipanda lini, na kwako wewe tarehe ya kupanda ndiyo yenye shaka.

Hesabu ya kliniki inaanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho na inachukulia kwamba yai lilipevuka siku ya 14 hivi. Hiyo inamfaa mwanamke mwenye mzunguko wa siku 28. Mwenye mzunguko wa siku 45, yai lake hupevuka karibu na siku ya 31, kwa sababu kinachorefuka ni ile sehemu ya kabla ya yai kupevuka, wakati wiki mbili zinazofuata hazibadiliki sana. Huyo anakuwa amepachikwa siku 17 za mimba ambazo hakuwa nayo. Na sindano ya miezi mitatu inajulikana kwa hili: ukiiacha, mayai yanaweza kuchukua miezi mingi kurudia utaratibu wake, na hedhi za kipindi hicho haziaminiki kwa kuhesabia mimba. Tofauti yako ni siku 13. Haihitaji ugonjwa wowote kuielezea.

Ndiyo maana kwenye vyumba vyetu tuna utaratibu. Ultrasaundi ya kabla ya wiki 14 ndiyo hakimu bora wa umri, kwa kuwa wakati huo watoto wote hukua karibu sawa, awe mtoto wa warefu au wa wafupi, na kosa lake ni siku 5 hadi 7. Kati ya wiki 16 na 22 kosa linafika siku 10 hivi. Miezi mitatu ya mwisho linaweza kufika wiki tatu, kwa hiyo ultrasaundi ya mwezi wa nane haifai tena kupanga tarehe. Mwongozo wa chama cha madaktari wa uzazi cha Marekani, ambao wengi wetu tunaufuata, unasema kwamba kwa mimba ya wiki 16 hadi karibu 22, ultrasaundi ikipishana na hedhi kwa zaidi ya siku 10, ichukuliwe tarehe ya ultrasaundi. Wewe umevuka hapo, na hedhi zenyewe hazikuwa na mpangilio. Na usijilaumu kwamba ulichelewa kupima. Shirika la Afya Duniani linapendekeza ultrasaundi moja kabla ya wiki ya 24, na wewe umo ndani ya muda huo.

Kwa hiyo ombi langu la kwanza ni dogo lakini lina uzito: rudi kliniki na karatasi yako, mwombe mkunga au daktari aangalie tofauti hiyo, na wakikubaliana nami, waandike 27 Novemba kwenye kadi kama tarehe yako, 14 Novemba ikatwe. Baada ya hapo isiguswe tena. Nimeona kina mama wengi wenye tarehe tatu kwenye kadi moja, kila ultrasaundi imeleta yake, na mwisho hakuna anayejua lipi la kufuata. Ultrasaundi zinazofuata zitatoa tarehe nyingine, hilo ni lazima, kwa sababu mashine inakisia upya kila mara. Usizifuate. Ukiiacha ile ya 14 Novemba, itakapofika tarehe 21 watakuambia umepitiliza wiki nzima na huenda wakataka kukuanzishia uchungu, kumbe mtoto ana wiki 39 na siku moja tu na hajachelewa kitu.

Sasa ile nafasi ndogo niliyokuahidi. Kubadilisha tarehe kuna hatari yake moja: kama mtoto ni mdogo kweli, tarehe mpya itamficha. Tutamfanya aonekane wa kawaida kwa kumpunguzia umri. Kwa hiyo kubadilisha tarehe peke yake hakutoshi, lazima tumpime tena. Kipimo kimoja kinatuambia ukubwa. Ukuaji unahitaji vipimo viwili.

Kuna kinachonituliza kwenye namba zako, nacho ni kwamba kichwa, tumbo na paja vinasema jambo moja, vyote vimo ndani ya siku tatu. Mtoto anayekosa chakula kwa sababu kondo la nyuma halifanyi kazi vizuri, kwa kawaida hujipanga: damu anaielekeza kwanza kwenye ubongo na moyo, na ini, ambalo ndiyo ghala lake, linabaki dogo. Hapo tunaona kichwa cha umri wake na tumbo limebaki nyuma. Kwako si hivyo. Paja likiwa fupi peke yake nalo lina maana zake, mara nyingi ni urithi wa wazazi wafupi, mara chache ni tatizo la mifupa au la kromosomu. Kwako wala hilo halipo. Udogo unaolingana mwili mzima mapema hivi una maelezo mawili: tarehe iliyokosewa, jambo ambalo ni la kawaida sana, au kitu kilichompata mtoto mwanzoni kabisa, kama kasoro ya kromosomu au maambukizi ya kaswende, rubela au saitomegalo. Hili la pili ni nadra, na mara nyingi halina namba tu, huja na dalili nyingine zinazoonekana: umbo la kiungo fulani, maji ya uzazi kuwa machache, au kondo lisilo la kawaida.

Hapo nina swali kwako. Je, aliyekupima aliangalia viungo vya mtoto? Soma karatasi: kuna mahali pameandikwa kuhusu ubongo, vyumba vya moyo, uti wa mgongo, figo, tumbo, maji na kondo? Vituo vingi vidogo vinapima ile mistari minne, mapigo ya moyo na jinsia, dakika tano umetoka. Kipimo kamili cha katikati ya mimba kinachukua nusu saa hivi, kinafanywa kati ya wiki 18 na 22, na kinahitaji mtu aliyefundishwa. Habari njema ni kwamba kwa tarehe mpya bado hujachelewa.

Kama uwezo unaruhusu vipimo viwili, fanya kimoja ndani ya wiki mbili kwa ajili ya viungo, katika hospitali ya rufaa ya mkoa au popote penye daktari bingwa wa mionzi au wa uzazi, kisha kingine baadaye kwa ajili ya ukuaji. Kama uwezo ni wa kimoja tu, na najua kwa wengi wetu ndivyo ilivyo, kifanye wiki tatu tangu kile cha kwanza. Utakuwa na wiki karibu 23, viungo bado vinaonekana vizuri, na muda utakuwa umepita wa kutosha kuona kama anakua. Usirudi baada ya siku saba kwa sababu ya wasiwasi. Ndani ya wiki moja ukuaji unaweza kumezwa na kosa la vipimo viwili, na unaweza kuambiwa amepungua wakati ameongezeka. Chini ya wiki mbili kipimo cha ukuaji hakina maana. Ikiwezekana, arudie mtu yuleyule kwa mashine ileile.

Nini tunategemea? Wiki tatu baadaye vipimo vyote viwe vimesogea wiki tatu hivi, na uzito uwe karibu na gramu 550. Ukija na 490 au 620 sitashtuka. Ukija na 400, yaani amesogea kama wiki moja tu, hapo nitataka uonwe na bingwa haraka: upimwe presha na mkojo, uangaliwe viungo kwa kina, na upimwe Dopla, kipimo cha ultrasaundi kinachoonyesha jinsi damu inavyopita kwenye mishipa ya kitovu. Nitakuwa mkweli: kama kondo limeshindwa mapema hivyo, hatuna dawa ya kuliponya tumboni. Tunachoweza ni kufuatilia kwa karibu, kutibu presha na maambukizi, na kuchagua siku na hospitali ya kumzalisha ili apate nafasi nzuri. Hiyo ndiyo faida ya kujua mapema.

Huenda umesikia pia kwamba jedwali la Wazungu haliwafai watoto wetu. Mradi wa INTERGROWTH-21st, uliochapisha viwango vyake mwaka 2014, ulipima mimba za wanawake wenye afya na lishe nzuri katika nchi nane, zikiwemo Kenya na Oman, ukakuta mifupa na vichwa vya watoto tumboni hukua kwa kufanana sana. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2017, uliohusisha na Kongo, uliona uzito unatofautiana kiasi kati ya nchi na nchi. Kwa hiyo jedwali laweza kuleta tofauti ya gramu chache, lakini siku 13 hazitoki hapo. Na kumbuka pia kwamba katika watoto 100 wenye afya, 10 lazima wawe chini ya mstari wa asilimia 10, ule ambao mtoto akiwa chini yake huitwa mdogo. Wengi wao ni watoto wa watu wenye maumbo madogo.

Twende kwa mama mkwe, kwa heshima zote, maana anakupenda wewe na mjukuu. Mtoto wa gramu 320 mahitaji yake ni machache, na mwili wako unampa yeye kwanza. Kutapika kwa miezi mitatu ya mwanzo, hata kuwe kukali, kwa kawaida hakumdumazi, mradi kuliisha na uzito wako umeanza kurudi. Mama mwenye njaa ya kweli ya muda mrefu, huyo mtoto wake huathirika, na huyo kumwongezea chakula kunasaidia. Kwa mama anayekula milo yake, kujilazimisha sahani mbili hakumnenepeshi mtoto, kunamnenepesha mama. Kula ugali au wali wako na maharage, dagaa, mayai, mboga za majani, matunda, ongeza kitafunwa kimoja cha maana kwa siku. Inatosha. Kama unatafuna udongo, niambie au mwambie mkunga bila aibu. Mara nyingi hamu hiyo huja na upungufu wa damu, na upungufu wa damu ndio wa kutibu.

Dripu za vitamini, hapana. Hakuna ushahidi kwamba zinakuza mtoto, zinakula pesa ya ultrasaundi ya pili, na kila sindano ya mshipani ni mlango wa maambukizi. Kulala kitandani mchana kutwa nako hakumkuzi mtoto, kunaongeza hatari ya damu kuganda miguuni. Endelea na kazi zako.

Ya kufanya kwa ajili ya ukuaji ni yale ya kliniki ambayo watu huyaona madogo: vidonge vya madini ya chuma na foliki kila siku, SP ya kuzuia malaria kila mwezi kuanzia miezi hii ya kati, isipokuwa kama unatumia septrini kwa ajili ya VVU, chandarua chenye dawa kila usiku, kipimo cha damu, kaswende na VVU, presha kila hudhurio. Malaria hujificha kwenye kondo hata kama mama hana homa, na katika ukanda wetu ni moja ya sababu kubwa za watoto kuzaliwa wadogo. Pombe na sigara usiguse. Kama ulizaliwa na selimundu au uliwahi kuwa na presha, mweleze daktari, maana ratiba yako ya ultrasaundi itakuwa tofauti.

Tumbo dogo kwenye mimba ya kwanza ni la kawaida, misuli bado imekaza. Jirani hawezi kulipima kwa macho. Mkunga atalipima kwa futikamba kuanzia wiki ya 24, na sentimita zitakaribiana na wiki zako za mimba. Mwambie ahesabu kwa tarehe mpya.

Usisubiri wiki tatu, nenda hospitali siku hiyohiyo, ukiona damu au maji yanatoka ukeni, ukipata kichwa kikali kisichopoa, macho kuona ukungu, uso au mikono kuvimba, maumivu makali juu ya tumbo chini ya mbavu, homa, au presha ikisomeka 140 kwa 90 na kuendelea. Hizo za kichwa na macho ni dalili za kifafa cha mimba, na kifafa cha mimba na udogo wa mtoto hutoka kwenye kondo lilelile. Mtoto kucheza, kwa mimba ya kwanza, unaweza kuanza kuhisi hata wiki ya 20 au 22. Ikifika wiki ya 24 ya tarehe mpya hujahisi chochote, nenda upimwe. Na ukishamzoea, akipunguza kucheza kuliko kawaida yake, usilale ukisubiri kesho.

Ukisharudia kipimo niandikie tena, unitajie vile vipimo vinne vyote, tarehe uliyopimwa, na walichosema kuhusu maji na kondo. Uzito peke yake hautanitosha kukujibu.